Mita 60 Hazijaokoa Udongo wa Misunkumilo

Halmashauri ya Manispaa ya Mpanda haijatimiza wajibu wake kwa udongo unaoilisha. Tunalisema hili mapema ili msomaji asibahatishe msimamo wetu. Katika kata ya Misunkumilo, kama katika kata nyingine za pembezoni mwa mji, mkulima hukutana na serikali katika mambo mawili: anapouza mazao na kudaiwa ushuru, na anapolima karibu na maji na kuambiwa aondoke. Kati ya hayo mawili ipo miezi mingi ya kulima, kupanda, kupalilia na kuvuna. Katika miezi hiyo yote mvua hubeba udongo wake, na hapati mahali pa kwenda kusema: njooni mnisaidie kuuzuia.

Sheria hatuna upungufu nazo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inalinda vyanzo vya maji kwa makatazo na adhabu zake. Mwaka 2006 serikali ilitangaza mkakati wa dharura wa kuhifadhi ardhi na vyanzo vya maji, na tangu hapo kila kiongozi wa mkoa, wilaya na kata amelikariri katazo la mita 60 mpaka watoto wa shule wanalijua. Hatulipingi. Lilipaswa kuwapo, na anayelima hadi kwenye kingo za mto anastahili kuondolewa.

Lakini tope linaloujaza mto halianzii mita 60 kutoka kwenye maji. Linaanzia juu, mita 600 au kilomita 6, kwenye mteremko ambao katazo hilo haliugusi, kwa mkulima halali mwenye shamba halali. Kuhusu mtu huyo katazo liko kimya, na kimya hicho ndicho kinachotugharimu.

Tuangalie kinachotokea shambani. Mkoa wa Katavi, ambamo Mpanda imo, una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Kabla yake kuna miezi ya kiangazi kikali. Katika miezi hiyo mabua ya mahindi huliwa na ng'ombe au huchomwa moto, majani ya miombo huungua, na shamba hubaki tupu. Udongo wa sehemu kubwa ya ukanda huu ni wa kichanga juu na mwepesi kusombwa. Mvua ya kwanza, ambayo mara nyingi huja kwa nguvu, hukuta ardhi isiyo na jani la kuifunika. Tone linapiga, chembe zinaachana, vijitundu vya udongo vinaziba, na maji yaliyopaswa kuzama yanaanza kutembea. Mkulima aliyelima matuta yake kwa kufuata mteremko, kwa sababu ndivyo ilivyo rahisi kulima na ndivyo shamba lilivyokatwa, amekwisha kuyachimbia maji hayo mitaro ya kupita.

Hesabu yake ni nyepesi na inatisha. Ekari moja ina mita za mraba takribani 4,000. Udongo wa unene wa milimita moja, ambao hauzidi unene wa sarafu, ukiondoka juu ya ekari hiyo ni mita 4 za ujazo, sawa na tani 5 hivi. Ujaze kwenye magunia ya kilo 100 utapata magunia 50. Mkulima wa jembe la mkono anayevuna magunia 15 ya mahindi kwa ekari huhesabiwa kuwa amefanya vizuri. Kwa hiyo, shamba lililopoteza milimita moja limetoa nje udongo unaozidi mara tatu uzito wa mahindi yaliyoingia ghalani, na hakuna aliyeona kitu. Haukuondoka udongo wowote tu: umeondoka ule wa juu, wenye mboji na mbolea, kwa kuwa ndio ulio karibu na mvua.

Maji hayo yana mwisho wake. Mto Katuma unapita katika mkoa huu, unafika Sitalike, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye kilomita za mraba 4,471, kisha unaelekea Ziwa Rukwa. Picha za viboko waliosongamana kwenye tope la Katuma wakati wa kiangazi zimeenea duniani, na watalii hulipa fedha kuwaona. Watafiti waliochapisha uchambuzi wao mwaka 2010 walieleza jinsi mto huo unavyopungukiwa na maji wakati wa kiangazi, na wakataja vizuizi vilivyojengwa na wakulima wa mpunga miongoni mwa sababu. Sawa. Lakini mto hupungukiwa pia pale maji ya mvua yanapokimbia juu ya ardhi katika miezi sita na kukosa kuzama yatoke taratibu katika miezi sita inayofuata. Shamba linalonywesha ardhi ni sehemu ya mto. Bwawa la Milala, lililo ndani ya Manispaa hiyohiyo, nalo linategemea kinachoteremka kutoka mashambani: yakiteremka maji, bwawa linaishi, likiteremka tope, linajaa.

Sasa tuseme kuhusu fedha, maana hapa ndipo lawama zetu zinapokuwa nzito. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23. Agosti 2022, katika sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku ya mbolea iliyoushusha mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 70,000. Mwaka huohuo maofisa ugani walikabidhiwa pikipiki, na halmashauri zikapewa vifaa vya kupimia afya ya udongo. Tulizipongeza hatua hizo na hatuondoi pongezi zetu. Ila mbolea ya ruzuku ikimwagwa kwenye shamba lenye mteremko lisilo na kizuizi hata kimoja, sehemu yake inalipiwa na Hazina na kupokelewa na mto. Kulipia mfuko kisha kuliacha shamba wazi ni kutumia fedha za umma ovyo. Ukaguzi wowote wa haki ungelihoji jambo hili kama unavyohoji daraja lililojengwa chini ya kiwango.

Na kifaa cha kupima udongo kinapima udongo uliobaki. Hakiwezi kuurudisha uliokwenda.

Kinachokasirisha zaidi ni kwamba tiba yake haihitaji mabilioni. Chukua fito mbili ndefu kama mita 2 kila moja. Zifunge pamoja juu, tanua miguu, funga fito fupi katikati upate umbo la herufi A. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha, weka alama pale kamba inapogusa fito ya katikati. Badilisha miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Kwa kifaa hicho watu wawili hulikata shamba kwa upana, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukifuata, wakipigilia vigingi kila hatua, na mwisho wake wanaona mstari uliopinda kwa kuifuata ardhi yenyewe. Kwenye mstari huo ndipo panapochimbwa kinga maji: mfereji wa kina cha sentimita 60 hivi, udongo wake ukirushwa upande wa juu kuwa tuta, na tuta likapandwa matete au nyasi za vetiva. Maji yanafika pale, yanasimama, yanazama. Tope linabaki nyuma ya tuta, na baada ya misimu kadhaa shamba lenyewe linaanza kuwa ngazi. Katikati ya makinga maji, matuta ya mahindi yanalimwa kwa kukatisha mteremko. Mabua hayachomwi, yanalazwa.

Fito, kamba, jiwe na majembe. Anachokosa mkulima wa Misunkumilo ni mtu wa kusimama naye siku hiyo moja ya kupima, na nguvu kazi ya kuchimba katika wiki mbili za kiangazi ambazo yeye na mkewe wanahangaikia ada, matibabu na vibarua vya mjini. Makosa katika kazi hii yana gharama, maana kinga maji lililopimwa vibaya hukusanya maji mahali pamoja, likapasuka, likaacha korongo lisilokuwapo awali. Ndiyo sababu kumwambia mkulima "hifadhi udongo" kwenye mkutano wa hadhara kisha ukapanda gari si huduma ya ugani.

Tutaambiwa maofisa ugani wapo. Wapo, na wengi wanafanya kazi kwa moyo. Lakini ofisa mmoja anabeba pembejeo, takwimu za mavuno, usajili wa wakulima wa ruzuku, visumbufu vya mimea, wageni wa mkoa na taarifa za kila mwezi. Hapimwi kwa mita za makinga maji zilizochimbwa katika kata yake. Jambo ambalo halimo katika kupimwa kwa mtumishi halifanyiki, hata mtumishi akiwa mwema.

Lipo pia tatizo ambalo wakubwa hawalisemi. Misunkumilo ni kata ya mjini kwa sheria, na ya shamba kwa maisha. Zana karibu zote za hifadhi ya ardhi nchini mwetu zilitengenezwa kwa ajili ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji madaraka juu ya ardhi yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiwezesha kuwa na msitu wake wa hifadhi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kwa mamlaka za wilaya, inakiruhusu kutunga sheria ndogo. Mtaa hauna hayo. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kusuluhisha na kuandika barua ya utambulisho, lakini hawezi kuwazuia watu wasichome moto nyanda wala kupanga njia ya ng'ombe. Yote hayo yako Manispaa, na macho ya Manispaa yako kwenye viwanja, masoko na taa za barabarani. Mkulima wa pembezoni mwa mji amebaki bila mlezi: kijiji kimeondoka, na mji haujamtambua.

Tazama majirani. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane, kikiwamo Katuma chenye jina la mto huo, vimekuwa vikilipwa fedha za hewa ukaa kwa kulinda misitu ya milima ya Ntakata. Fedha hizo, mabilioni ya shilingi sasa, zimejenga madarasa na zahanati. Lililowezesha hilo ni kwamba vijiji vilikuwa na ardhi yake kisheria, mipango ya matumizi yake na watu wa kuisimamia. Tunawapongeza. Lakini hewa ukaa haitafika kwenye shamba la ekari tatu la Misunkumilo, na hatutaki mafanikio ya milimani yatumiwe kufunika ukimya wa mabondeni. Mkoa unaolipwa kwa miti iliyosimama una deni pia kwa udongo unaolimwa.

Kuna wanaosema wakulima wenyewe ndio wagumu, kwamba bila kulazimishwa hawafanyi kitu. Historia ya nchi hii inawakanusha. Wakoloni walilazimisha. Kuanzia mwaka 1950 waliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi kwenye milima yao ya Uluguru kwa siku maalumu na kwa faini. Mwaka 1955 wananchi wakaasi huko Matombo, mtu akauawa, na mradi ukafa. Ngazi hizo zilichukiwa kiasi kwamba baada ya hapo kutaja makinga maji kulikuwa kama kutaja mkoloni. Nasi baada ya uhuru tulijaribu njia ngumu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973 uliishia kuwaondoa ng'ombe wote katika milima ya Kondoa Irangi mwaka 1979. Majani yalirudi, hilo ni kweli, na makorongo yakapona. Lakini mifugo ilihamia kwa majirani, na mzigo ukahamia huko.

Mradi wa pili ulijifunza. Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, ilianza mwaka 1986. Msingi wake haukuwa kitu kigeni. Ilikwenda kwa Wasukuma ikawauliza kuhusu ngitili, ile desturi yao ya kutenga malisho yapumzike wakati wa mvua ili mifugo iyakute kiangazi. Ilianza na hekta 600 hivi za ngitili zilizokuwa zikijulikana. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Waliofanya hivyo ni watu wale wale walioitwa waharibifu, na walilipwa kwa kuni, nyasi, asali na maji yaliyorudi. Katavi ina maelfu ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na wengi wametoka katika mkoa huohuo wa Shinyanga. Tunawaita wavamizi wa vyanzo vya maji kana kwamba hawajui kitu, ilhali baadhi ya wazee wao ndio waliowafundisha wataalamu. Nani katika Manispaa hii amewahi kuwakalisha akawauliza ngitili inaweza kuwekwa wapi? Jirani zetu wa Ufipa nao wana intumba, vichuguu vya kulimia vilivyofukiwa nyasi ndani yake vioze kuwa mbolea. Ujuzi upo mkoani hapa na kwa jirani, umekosa tu mtu wa kuukusanya na kuupa fungu.

Kenya nayo ina Machakos. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa kikoloni waliiandika wilaya hiyo kama nchi inayokufa kwa mmomonyoko. Idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano hadi mwaka 1990, na badala ya ardhi kuisha, vilima vikavaa matuta ya fanya juu, yaani makinga maji ya udongo uliorushwa upande wa juu, kutoka chini hadi kileleni. Yalichimbwa sana na vikundi vya wanawake kwa zamu, leo kwa mmoja kesho kwa mwingine, kwa sababu soko la Nairobi lililipa na umiliki wa shamba ulikuwa wazi. Waliona faida ni yao, wakachimba.

Hata Marekani, yenye mitambo na fedha, haikufaulu kwa amri ya Washington peke yake. Baada ya dhoruba za vumbi za miaka ya 1930, Bunge lake lilipitisha sheria ya kuhifadhi udongo mwaka 1935 na kuunda idara ya taifa. Hugh Hammond Bennett, aliyeiongoza, aligundua haraka kwamba ofisa wa serikali kuu hawezi kuingia katika kila shamba. Mwaka 1937 ikaundwa wilaya ya kwanza ya hifadhi ya udongo, Brown Creek, katika jimbo la North Carolina alikozaliwa. Wakulima wa eneo husika wanachagua bodi yao, bodi inapanga, mtaalamu anakuja shambani kwa ombi la mwenye shamba, gharama zinachangiwa. Leo nchi hiyo ina wilaya za namna hiyo karibu 3,000. Hatuhitaji kuiga jina wala majengo. Tunahitaji kulikubali jambo moja: mwenye shamba ndiye anayeomba, na serikali ndiyo inayoitika. Kwetu mpaka sasa serikali ndiyo inayoamuru na mwenye shamba ndiye anayejificha.

Wenye ardhi nao hawatatoka kwenye tahariri hii wakiwa safi. Pembezoni mwa Mpanda, kama pembezoni mwa kila mji unaokua, mashamba mengi yanalimwa na watu waliokodi kwa msimu. Mwenye shamba yuko mjini, ana duka au mshahara. Anapokea kodi ya msimu na hakanyagi shambani hadi msimu mwingine. Mpangaji hana sababu ya kuchimba kinga maji litakalomfaidi atakayekodi mwakani. Akipanda mti, mwenye shamba anashtuka, kwa kuwa kwetu aliyepanda mti ameanza kudai ardhi. Matokeo yake udongo hauna mwenyewe: mmoja anachukua kodi, mwingine anachukua mahindi, na korongo linabaki. Mwenye ardhi anayekodisha shamba lenye mteremko bila kinga maji hata moja anauza urithi wa wanawe kwa vipande, na bei anayopokea ni ndogo mno. Mkataba wa kukodisha uandikwe kwa misimu mitatu au minne, utaje kinga maji na nani atalichimba, na kodi ipunguzwe kwa atakayechimba. Hilo halihitaji Bunge. Linahitaji mwenyekiti wa mtaa, karatasi na mashahidi wawili.

Barabara nazo tuzitaje. Mara nyingi korongo la shambani halikuanzia shambani. Lilianzia kwenye mtaro wa barabara uliokusanya maji ya nusu kilomita ukayamwaga yote kupitia kalavati moja kwenye shamba la mtu. Mkandarasi amelipwa, barabara imekabidhiwa, na mjane mwenye ekari mbili chini ya kalavati ndiye anayebaki kujaza mawe. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, isipokee barabara yoyote katika kata hizi bila kuonyeshwa maji yanaishia wapi. Wafyatuaji wa matofali na wachimba mchanga waelekezwe maeneo yao na wayafukie wanapomaliza. Wakulima wa tumbaku, ambao mabani yao hula magogo kila msimu, wasiuziwe pembejeo na chama chochote kisichoonyesha shamba lao la miti ya kuni.

Na miti. Kila halmashauri nchini imepewa lengo la kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Kila Januari tunaona viongozi wamepiga picha na miche. Lengo hilo linahesabu miche iliyoingia shimoni, halihesabu iliyo hai Oktoba, baada ya kiangazi, moto na mbuzi. Tunataka hesabu ya pili. Sehemu kubwa ya miche hiyo ingekuwa na maana zaidi kama ingepandwa juu ya makinga maji ya wakulima, ikiwa ni miti ya matunda na ya malisho ambayo mkulima ataimwagilia mwenyewe kwa sababu ni yake. Na pale ambapo visiki vya miombo bado viko hai ardhini, hata mche hauhitajiki: kuchagua machipukizi machache, kupogoa na kuyalinda, kama wakulima wa Dodoma wanavyofanya kwa jina la kisiki hai, kunatosha.

Tunachodai, basi, ni hiki. Manispaa ya Mpanda ianzishe dawati la hifadhi ya udongo na maji, lenye mtu mwenye jina, namba ya simu na pikipiki yake, na lianzie Misunkumilo. Mkulima au mwenye shamba yeyote aombe, na ndani ya kiangazi hichohicho apimiwe shamba lake bure. Kata iwe na kamati ya wakulima na wafugaji wanaochaguliwa na wenzao, ndiyo ipange nani anaanza, na kwa kawaida waanze walio juu ya mteremko, kwa sababu kuchimba chini huku juu kukiwa wazi ni kazi bure. Nguvu kazi ya kuchimba itoke sehemu mbili: vikundi vya wakulima wenyewe kwa zamu, na miradi ya ajira za muda ya TASAF, ambayo imekuwa ikilipa kaya maskini kwa kazi za jamii na inaweza kuzilipa kwa kuziba makorongo. Mikopo ya asilimia 10 ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ifikishwe kwa vikundi vya vitalu vya miche, matete na vetiva, maana kinga maji bila majani halidumu misimu miwili.

Fedha zipo. Halmashauri hutoza ushuru wa mazao kwa shehena zinazotoka, hadi asilimia 3 ya bei. Fedha hizo zimetoka kwenye udongo. Sehemu yake, na iwe imeandikwa kwenye kasma yake ili isihamishwe kwa ajili ya posho na mafuta ya magari, irudi kwenye udongo. Diwani atakayesema haiwezekani atueleze kwanza ni kiasi gani kimekusanywa katika kata yake na ni kiasi gani kimerudi shambani.

Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa nayo ipande mlima. Kwa muda mrefu jumuiya za watumia maji zimejengwa kuzunguka wanaochota na wanaomwagilia, yaani waliokaa kando ya mto. Wakulima wa miteremko hawachoti maji ya mto, wanayatengeneza. Waingizwe katika jumuiya hizo, na wanaolipia vibali vya kutumia maji huko chini wachangie makinga maji huko juu. Mwenye skimu ya mpunga Mwamkulu au Kakese ana faida ya moja kwa moja katika shamba la mahindi ambalo hajawahi kuliona.

Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya tunawaomba jambo moja tu: operesheni za kuondoa watu kwenye mita 60 zisitangulie huduma hii. Atakayeondolewa bondeni kiangazi atarudi kulima mteremko, na bila kinga maji ataliteremshia bonde lilelile tope. Adhabu itolewe, lakini kwa mtu aliyekwisha kupimiwa, kufundishwa na kusaidiwa kisha akakaidi. Kumtoza faini asiyewahi kufikiwa na mtu yeyote si utawala wa sheria. Ni uonevu.

Kwako msomaji wa Misunkumilo: mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na vipaumbele vya bajeti huanza kukusanywa mitaani miezi mingi kabla ya hapo. Nenda kwenye mkutano wa mtaa. Diwani akiwepo, simama umuulize ni shilingi ngapi zimetengwa kwa ajili ya kinga maji katika kata hii, ni nani atakayekuja kupima, na lini. Akikujibu kwa idadi ya miche, usiketi, muulize tena.